Sisi Tuko Ukurasa Gani

Wifi yangu Rafila Ciurar alirudia darasa la kwanza, na si kwa ujinga. Alirudia kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kwamba shuleni wanaongea lugha nyingine.

Nyumbani kwao walikuwa wanaongea Kiroma tu, kama sisi wote wa mtaa wa chini hapa Vadu Plopilor. Waromania wanakaa juu, karibu na kanisa. Sisi Waroma, ambao wengine hutuita majipsi, tunakaa huku, ng'ambo ya mto. Baba yao alikuwa fundi wa chekeche za unga. Alizizungusha vijijini kwa gari la farasi, na Kiromania alichokuwa nacho kilimtosha kutaja bei na kumwombea farasi maji. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akasema, "Simameni." Watoto wa juu wakasimama, Rafila akawatazama, naye akasimama. "Ketini." Wakaketi, akaketi. Hapo akaona shule ni kazi nyepesi. Kisha mwalimu akamnyooshea kidole yeye peke yake, amtaje mnyama aliyechorwa ubaoni. Alikuwa sungura. Rafila alimjua sungura vizuri, alishamla na alishamsaidia mama yake kumchuna, ila jina lake kwa Kiromania hakuwahi kulisikia. Akamtaja kwa Kiroma. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akaandika kwamba mtoto huyu hatambui wanyama.

Akawekwa nyuma, karibu na jiko la kuni, pamoja na wenzake wa chini. Wengi waliokaa pale waliishia kukaa pale. Yeye alitoka, sijui kwa nguvu gani. Alipomaliza darasa la nane wasichana wa rika lake walikuwa tayari wanabembeleza watoto wao. Wachumba walikuja, aliwaambia wasubiri amalize shule ya mjini, nao hawakuwa watu wa kusubiri. Baba yake alikuwa akisema, "Huyu mwacheni, ameshaharibika na vitabu," lakini alikuwa akilisema akitabasamu, na kila Jumatatu alimpeleka kituoni kwa gari lake la farasi kabla hajaenda kuuza chekeche.

Mimi niliolewa na kaka yake, Gruia, nikamkuta Rafila uani akisoma huku anamenya viazi. Alikuwa anasomea ualimu kwa njia ya posta na mchana anachuma nyanya kwenye mabanda ya nailoni kama sisi wengine. Aliyakata maganda manene, nusu ya kiazi inakwenda kwa kuku. Nilimwambia, "Wifi, kuku wako wanasoma vizuri." Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Alipopata cheti chake aliomba kazi ambayo hakuna mtu aliyeitaka: kufundisha Kiroma na historia ya Waroma katika shule yetu. Saa hizo za masomo serikali inaziruhusu, ila mpaka mzazi aombe mwenyewe kwa sahihi yake. Rafila alidhani tabu itakuwa kwa watu wa juu. Akapita mlango kwa mlango huku chini, na huku chini ndiko alikopigwa mweleka.

Alianza na nyumba yake mwenyewe, kwa binti yetu Perla. Gruia alikuwa anakula maharage.

"Kaka, nataka nimwandikishe Perla kwenye saa ya Kiroma."

"Kiroma anakijua," Gruia akasema. "Jana amemtukana mbuzi wa jirani kwa Kiroma, hakukosea hata silabi. Utamwongezea nini?"

"Kukisoma. Kukiandika."

"Amwandikie nani? Mbuzi?"

Nilicheka. Rafila akanitupia jicho, nikarudi kwenye sufuria yangu.

Gruia akasukuma sahani. "Sikiliza, dada. Nilipokuwa Hispania kwenye zabibu, msimamizi aliniuliza, wewe ni Mromania au ni wale wengine? Nikamwambia Mromania. Usiku ule nililala kitandani. Waliosema kweli walilala bandani na matrekta. Sasa unataka nipande kule kwa mkuu wa shule nitie sahihi kwamba mwanangu ni wale wengine?"

"Mkuu wa shule anajua Perla ametoka wapi. Anamwona akivuka daraja kila asubuhi."

"Kujua kwake ni shauri lake. Sahihi ni yangu."

Nyumba nyingine zilimjibu hivyohivyo, kila moja kwa namna yake. Wengine walisema mtoto afundishwe kompyuta. Wengine walisema Kiroma ni cha nyumbani, kama nguo za ndani, hakianikwi barabarani. Mwishowe nilipanda mimi kutia sahihi ya Perla, na Gruia alipojua alininunia, ila hakununa kwa muda mrefu maana siku hiyo nilikuwa nimepika kabichi za kuviringisha nyama. Wachache wengine wakafuata. Darasa likapatikana, la watoto wa kila umri.

Mkuu wa shule, Bi Mioara Pascu, hakuwa mtu mbaya. Majira ya baridi alikuwa anafuma soksi na kuwavisha watoto waliokuja bila soksi, wa juu na wa chini. Lakini Rafila alipokwenda kuomba nafasi kwenye ratiba, alipewa saa ya mwisho ya Ijumaa, wakati basi dogo la shule limeshaondoka, na chumba kilichokuwa stoo ya kuni.

"Binti yangu, nikikupa saa ya asubuhi nimnyang'anye nani?" Bi Mioara akamwuliza. "Hesabu? Kiromania? Darasa la nane kuna mtihani wa taifa. Lugha yenu haina mtihani."

Ilikuwa kweli. Rafila akachukua ufunguo wa stoo.

Kitabu nacho kilikuwa na mambo yake. Kiliandikwa na wasomi wa Kiroma wa mjini, watu wazuri, ila Kiroma chao si chetu. Siku moja akawasomea watoto hadithi ya majira ya baridi. Neno lililotumika kitabuni kwa theluji, huku kwetu ni ngano. Perla akanyoosha mkono.

"Shangazi, yaani ngano inaanguka kutoka mawinguni?"

"Hapa niite mwalimu. Ni theluji."

"Basi, mwalimu, si tungetoka na magunia?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Jioni Rafila alikuja jikoni kwangu, akakaa karibu na jiko bila kuvua koti. "Mimi nilichekwa kwa kutokujua Kiromania," akasema. "Sasa nachekwa na watoto wetu kwa Kiroma. Nimesoma miaka yote hiyo ili niuze ngano ya mawinguni." Alianza kulia, halafu katikati ya kulia akacheka, nami nikacheka, tukanywa kahawa. Ijumaa iliyofuata aliwaambia watoto waandike maneno yote mawili, la kitabuni na la mtaani, na mwenye bibi anayejua la tatu alilete. Wakaleta mengine hata yasiyoandikika mbele ya mwalimu.

Mambo yaliharibika tulipofika historia.

Tulikuwa mezani, ugali wa mahindi na jibini, Perla akasema kama anayetaja hali ya hewa, "Kumbe tulikuwa watumwa."

Gruia akainua macho. "Nani alikuwa mtumwa?"

"Sisi. Waroma. Karibu miaka mia tano. Tulikuwa wa nyumba za watawa na wa mabwana wenye ardhi. Walikuwa wanatuuza, mama huku, mtoto kule."

Mume wangu ana umri wa mtu mzima, amefika Hispania na Italia, na habari hiyo hakuwa ameisikia hata siku moja. Shuleni hakuambiwa. Nyumbani hakuambiwa, wazee wetu huenda walikuwa hawajui, au walijua wakaimeza. Alitoka uani bila kofia akamwita dada yake.

"Huo uongo umeusoma wapi?"

"Si uongo, kaka. Niliyasoma nilipokwenda chuoni kufanya mtihani, nikiwa mtu mzima. Nililia kwenye treni mpaka konda akaniuliza kama nimefiwa."

"Kwa hiyo ukaona uwalize na watoto."

"Nimeona wajue kwamba umaskini wetu una chanzo. Wanaambiwa kila siku sisi ni wavivu. Wewe unaamka kabla ya jogoo na bado unaambiwa mvivu."

"Haya, wamejua. Na wale wa juu wakijua, kesho watamwitaje mwanangu?"

Jibu lilikuja lenyewe wiki ile. Mtoto mmoja wa stoo ya kuni alimsimulia mwenzake wa juu, na wakati wa mapumziko mvulana wa darasa la Perla aitwaye Relu akamwambia Perla mbele ya wote, "Mtumwa, niletee mkoba wangu." Perla akamletea. Alimletea kichwani. Ulikuwa na vitabu vyote vya siku hiyo.

Tukaitwa ofisini, mimi na Gruia, na mama yake Relu, na Rafila amesimama pembeni kama mwanafunzi aliyekosea. Perla akaambiwa aombe radhi, akaomba. Relu akaambiwa aombe radhi, akaomba, akiangalia viatu. Kisha Bi Mioara akasema kwa upole kwamba pengine mada ile iachwe, wafundishwe nyimbo na mapishi na mavazi, mambo ya furaha. Nilimwona wifi yangu akitikisa kichwa kukubali, nikajua amevunjika moyo.

Perla akagoma kwenda Ijumaa. Wengine pia. Rafila alibaki na watoto wawili ambao nadhani walikuja kwa ajili ya jiko la moto tu. Kwa siku nyingi alikuwa anaingia kwangu, anashika kikombe, kahawa inapoa.

"Unajua nilipokosea, wifi?" akaniambia siku moja. "Si kuisema habari ile. Nilikosea kuwafungia watoto wetu chumbani nayo, peke yao, kama vile ni aibu yetu. Waliotakiwa kuisikia walikuwa wamepanda basi wanakwenda nyumbani."

"Sasa nenda kawaambie hao."

"Kwa saa ya nani? Mimi nina Ijumaa."

Aliyefungua njia ni Perla, na hakukusudia. Alikuwa bado na hasira. Somo la historia lilifundishwa na Bwana Tudose, mzee mkali anayenuka tumbaku, aliyemfundisha mpaka Gruia. Siku hiyo alikuwa anafundisha habari za mabwana wa kale, mashamba yao, nyumba za watawa walizojenga. Perla akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sisi tuko ukurasa gani?"

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi wa chini. Waliokuwa wanawafanyia kazi hao mabwana."

Perla anasema alitegemea kufukuzwa. Bwana Tudose alichukua kitabu, akafungua kurasa moja baada ya nyingine mbele ya darasa, taratibu, watoto wanasubiri. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, akapita tena. Kisha akakifunga akasema, "Hampo." Akaketi, na dakika zilizobaki hakufundisha kitu.

Kesho yake alivuka daraja. Miaka yote aliyokaa kijijini hakuwahi kufika kwetu, na mbwa wetu walimwonyesha kwamba wanajua hilo. Nikamkaribisha, nikampa kahawa. Akakataa sukari, akamgeukia Rafila.

"Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote," akasema. "Habari hii naijua mistari miwili, na hiyo miwili nilikuwa nairuka. Njoo uifundishe wewe. Darasa zima."

"Mtaala hauna nafasi, Bwana Tudose."

"Mtaala una wiki ya marudio. Watarudia kwa mbio."

"Bi Mioara ameshasema niiache."

"Bi Mioara nilimfundisha pia," akasema mzee. "Alikuwa mwanafunzi mzuri. Anaogopa tu."

Bi Mioara alikubali kwa sharti kwamba asione kilio wala ngumi. Na Gruia akatangaza kwamba naye atakwenda darasani, akisikia jambo baya atamshika Perla mkono watoke. Nilimpigia pasi shati.

Mimi sikuwepo, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa na baba na binti, na kila mmoja ana yake. Wote wanakubaliana kwamba Gruia alisimama mlangoni na kofia mkononi, na Bwana Tudose akamwambia, "Keti, Gruia. Enzi zako hukuwahi kuketi." Darasa likacheka, Gruia naye akacheka, akajibana kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yamemfika kifuani.

Rafila alianza vibaya. Aliongea haraka, bila kuinua macho kwenye karatasi. Aliwaambia watu walivyouzwa na kununuliwa kama ng'ombe, wengine karibu kabisa na hapa. Wahunzi, wapishi, wanamuziki, wafyatua matofali. Jinsi mtoto wa mtumwa alivyozaliwa mtumwa. Hakuna aliyecheka. Kisha Relu, yuleyule, akanyoosha mkono.

"Hao mabwana walikuwa babu zetu?"

Perla anasema hapo ndipo shangazi yake alipoweka karatasi mezani.

"Wa wachache, labda," Rafila akasema. "Wengi wa babu zenu walikuwa wakulima maskini kwa mabwana walewale. Lakini hawakuuzwa."

"Babu wa babu yangu alikuwa mchunga kondoo tu."

"Basi huenda alimpa mkate mmoja wetu aliyetoroka. Na huenda alimrudisha kwa bwana wake. Sijui, Relu. Hakuna aliyetuandikia."

Msichana mmoja wa juu akauliza watoto walikuwa wanacheza saa ngapi. Mwingine akauliza kama watawa walikuwa wanasali huku wana watumwa. Bwana Tudose alilijibu hilo mwenyewe, kwa neno moja: ndiyo.

Halafu mkono ukanyooshwa kule nyuma, mkono mkubwa. Rafila akamwangalia kaka yake.

"Ndiyo, Gruia," akasema, kwa sauti ya mwalimu.

"Walipoachiliwa, waliambiwa waende wapi?"

"Hawakuambiwa, kaka. Wengi walisogea kando kidogo tu ya shamba la bwana, mahali ambapo hakuna aliyepataka. Ng'ambo ya mto."

Gruia alitazama nje ya dirisha. Kutoka darasa lile mtaa wetu unaonekana wote, mabati yetu na moshi wetu. Alikaa hivyo mpaka kengele, na hakumshika Perla mkono.

Alipofika nyumbani nilimwuliza ilikuwaje. "Anaongea kama ana treni ya kuwahi," akasema, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Lakini jioni ile, na jioni nyingi zilizofuata, nilimsikia uani akiwasimulia wanaume wenzake, kila mara akiongeza chumvi, mpaka siku moja Rafila akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Kaka, hao mabwana hawakuwa na simba." Gruia akamjibu, "Hukuwepo."

Sitasema kwamba kijiji kiligeuka. Relu na Perla hawakuwa marafiki. Walikuwa wanapishana bila maneno, na hilo lilimtosha Perla. Mama mmoja wa juu alikwenda kwa Bi Mioara kulalamika kwamba mtoto wake amekuja nyumbani na maswali. Lakini mwaka uliofuata saa ya Rafila ilihamia Jumatano asubuhi, kwenye chumba chenye madirisha, na sahihi ya kwanza ya ombi ilikuwa ya Gruia, kubwa kuliko nafasi aliyopewa. Nyumba nyingine zilitia sahihi baada yake. Nyingine mpaka leo hazijatia, na Rafila hazilaumu. Anapita, anasalimia, anakunywa kahawa, anaondoka. Na kila mwaka, wiki ya marudio, darasa la sita zima linasikia ile habari, ingawa kitabuni bado haimo. Bwana Tudose alipostaafu, kijana aliyemrithi alikuta jambo hilo akadhani ndio utaratibu wa siku zote, na hakuna aliyemsahihisha.

Perla yuko mjini sasa, anasomea uuguzi. Akipiga simu anaongea Kiroma kwa sauti kubwa mbele ya wenzake wa bwenini, Gruia anamwambia apunguze, kisha anasogeza simu sikioni asikie zaidi.

Na Rafila amepewa shule ya pili, kijiji cha juu ya kilima, anakwenda kwa baiskeli. Huko Waroma wenyewe wamesahau Kiroma tangu enzi za bibi zao, na wakiulizwa wanasema wao si Waroma. Juzi alirudi na matope mpaka magotini, nikamwuliza ameanzaje huko.

"Kwa mikate," akasema, akivua viatu. "Nimewauliza watoto bibi zao wanauitaje ule mkate mwembamba wa majivuni. Mmoja akalijua. Neno lenyewe, wifi, zima kabisa, la Kiroma. Hakujua kwamba ni letu."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Nimemwomba aniletee kipande wiki ijayo."

Nikamwekea maji ya moto aoshe miguu.